Bahasha Nisizozifungua

Siku yangu ya kwanza kama karia masta nilipewa ufunguo wa droo, penseli sita na kifutio kimoja. Ilikuwa shule ya serikali pale Makadara, si mbali na mahakama, na nilikuwa nimefundisha Jiografia kwa miaka miwili tu. Karia masta ndiye mwalimu anayewasaidia wanafunzi kuchagua kozi za kusomea vyuoni wakishamaliza kidato cha nne. Jina ni la kiume, na halikubadilishwa kwa sababu mimi navaa sketi. Wanafunzi waliniita Madam Njoki, lakini kwenye orodha ya kazi niliandikwa karia masta mpaka nilipostaafu.

Mkuu wa Shule alikuwa mtu mrefu aliyezoea kuzungumza huku akitazama dirishani, kana kwamba kuna mtu amejibanza nje anasikiliza. Alinikabidhi ule ufunguo taratibu.

"Madam, humo ndani mna fomu za watoto wote wa kidato cha nne. Usimwachie mtu."

"Hata naibu wako?"

"Hata mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na baada ya mwaka mmoja nami niliacha kucheka.

Siku hizo machaguo yalijazwa kwenye karatasi. Kila kozi katika kila chuo ilikuwa na nambari yake, tarakimu kadhaa zisizo na maana yoyote kwa macho, na mwanafunzi aliziandika kwa penseli kwanza. Mimi nikizihakiki moja moja ndipo anapita juu yake kwa kalamu ya wino. Penseli ilikuwepo kwa kuwa watoto hubadili mawazo. Sikuwa nimeambiwa kwamba na wazazi nao hubadili.

Karani mmoja wa wizara, mkazi wa Buruburu, alikuja akaniomba aone fomu ya mwanawe. Kuona tu, alisema. Nilimpa, nikaenda kufundisha kipindi changu cha dakika arobaini. Niliporudi nilimkuta ameketi vilevile, miguu pamoja, kofia magotini, akanishukuru kwa heshima zote. Miezi ikapita. Yule kijana, aliyekuwa ameomba ualimu, akaitwa kusomea ufugaji wa samaki, naye samaki aliowajua ni wa kukaangwa tu. Kumbe baba alikuja na kifutio chake mfukoni. Alifuta nambari ya ualimu ili aandike ya sheria, akakosea tarakimu moja.

Mnadhani aliomba msamaha? Alinijia chumba cha walimu, mbele ya wenzangu wote, akaniuliza nani alinihonga nimwonee mtoto wake. Kijana alikwenda, akamaliza, na nasikia anaishi vizuri kando ya ziwa. Lakini baba mtu hakunisalimu tena hata tulipokutana kanisani. Tangu siku hiyo nilianza kuwatazama wazazi mikono kabla ya kuwatazama uso.

Bahasha ya kwanza ilinifikia mwaka uleule. Mama mmoja mfanyabiashara aliiacha katikati ya daftari la bintiye, imefungwa kwa gundi, haina jina. Niliipeleka mbio kwa Mkuu wa Shule. Hakuigusa.

"Umeifungua?"

"Hapana, bwana."

"Vizuri. Ukishaifungua ni yako. Ikiwa imefungwa bado ni yake."

Hapo ndipo nilipojifunza utaratibu ambao niliufuata kazi yangu yote, nami nilijivunia kuliko cheti chochote. Kila bahasha niliyoletewa na mzazi sikuifungua. Niliandika jina lake na tarehe mgongoni, sekretari wa shule akatia sahihi kama shahidi, ikaingia droo. Siku ya kufunga shule, au siku yoyote mzazi aliyopita, nilimrudishia mkononi ikiwa na gundi yake vilevile. Wengi waliondoka wameinamisha kichwa. Mmoja alinitukana. Nami nilitembea kifua mbele kando ya Barabara ya Jogoo nikijua kwamba hakuna anayeweza kuninyooshea kidole.

Nilikaa Makadara miaka kumi na mitano. Kisha nikachukuliwa na shule ya binafsi Buruburu, shule ya ghorofa tatu na mabasi mawili ya manjano, mali ya bwana mmoja tuliyemwita Mkurugenzi. Hakuwa mwalimu. Alikuwa amefanya biashara ya vifaa vya ujenzi, na shule aliiendesha vivyo hivyo, akiulizia kila asubuhi ni nini kimeingia na ni nini kimetoka.

Kilichotoka kilibandikwa getini. Kila mwaka, baada ya vyuo kutangaza walioitwa, Mkurugenzi alitundika bango refu la plastiki lenye picha za wanafunzi, na chini ya kila picha maandishi makubwa mekundu: UDAKTARI, SHERIA, UHANDISI, SHAHADA YA hiki na kile. Wazazi walisimama pale wakilitazama kama watu wanaosoma matokeo ya kura. Wengine walipiga picha na simu. Aliyekuwa na mtoto kidato cha kwanza alijiona tayari ana nafasi yake pale juu.

Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza ukweli, na ukweli haukuwa na wanunuzi. Niliwaeleza kuhusu klasta, yaani hesabu inayofanywa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi, ndiyo inayoamua nani anaingia wapi. Niliwaambia mashine inayopanga wanafunzi haijui ni nani alisomea shule yenye basi na ni nani alitembea kwa miguu. Mzazi mmoja, mwenye duka la vipuri Kariobangi, alisimama mkutanoni akanikatiza.

"Madam, shule ya serikali mtu hupangiwa. Private ni mtu kujipangia. Ndiyo maana tuko hapa."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilimtazama Mkurugenzi. Alikuwa anatabasamu akitazama viatu vyake.

Wazazi wale waliamini shule ina mtu wake kule ndani, kwenye ofisi ya kupanga nafasi, mtu wa kupigiwa simu. Hakuna aliyemjua jina. Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamwomba akanushe.

"Madam, tumewahi kusema tunaye?"

"Hapana."

"Basi hatujamdanganya mtu. Endelea na kazi yako."

Kwa imani ile ya mtu wa ndani, bahasha zilikuja nyingi kuliko Makadara. Walizileta kwa mkono, kwa dada wa kazi, kwa dereva. Nyingine zilikuwa nene. Nilizifungia zote. Na machaguo yalipohamia kwenye mtandao, mashaka yangu yakapanda pamoja nayo. Sasa mtoto alikuwa na neno la siri, na neno la siri ni rahisi kuibwa kuliko fomu. Nilikuwa na daftari jeusi nililoandikia kila mwanafunzi amechagua nini, saa ngapi, na sahihi yake. Chaguo likibadilishwa, alikuja mwenyewe mbele yangu akatia sahihi tena. Baba, mama, mjomba, wote walisimama nje. Askari wa geti alikuwa na maagizo yangu: wakati wa machaguo, hakuna mzazi kuingia ofisini kwa karia masta. Ukweli ni kwamba sikumwamini yeyote kati yao. Hata wanafunzi sikuwaamini sana.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa alipokuja Ndunge.

Ndunge alikuwa binti wa dereva wa malori ya masafa marefu, Bwana Mutiso, mtu mnene wa maneno machache aliyekuwa nyumbani siku mbili na barabarani siku kumi. Walikaa kwenye maghorofa ya Kariobangi, karibu na karakana za jua kali, za mafundi wadogo wa kazi za mikono, ambako babu yake Ndunge, Mkamba mchongaji, alikuwa na kibanda cha vinyago. Baba alimleta shule ya binafsi kwa sababu yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na alikuwa amesema hadharani kwamba mtoto wake atavaa joho. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Ndunge alipata C+. Hiyo ndiyo alama ya chini kabisa ya kuingilia shahada. Ilitosha, kama kamba inavyotosha pale inapofika tu.

Lakini Ndunge hakutaka shahada. Alikuja ofisini akiwa na kikaratasi alichokunja mara nne.

"Madam, mimi nataka hii ya kutengeneza miguu."

Ilikuwa stashahada katika chuo cha mafunzo ya utabibu: kutengeneza viungo bandia, miguu na mikono ya watu waliokatwa. Nilimwuliza aliijulia wapi. Akaniambia kuna jirani wao aliyepoteza mguu kwa ajali, na babu yake alimchongea wa mti. Mguu ulikuwa mzuri wa kutazama lakini ulimchubua mpaka akautupa.

"Guka alilia, Madam. Alisema yeye anajua mti, hajui mtu. Mimi nataka kujua vyote viwili."

Hilo la "guka", yaani babu, aliliokota kwa marafiki zake Wakikuyu, jinsi watoto wa mitaa yetu ya Eastlands wanavyookota. Nilimpenda hapo hapo. Tukajaza pamoja, chaguo la kwanza stashahada ya viungo bandia, akatia sahihi kwenye daftari jeusi. Pointi zake zilimtosha vizuri kabisa.

Jioni ile alimwambia baba yake. Niliyasikia kutoka kwa Ndunge mwenyewe. Bwana Mutiso aliweka kijiko chini akasema hakulipa shule ya binafsi miaka minne ili mtoto akasomee kazi ya kibandani. Alisema akitaka mchongaji anaye tayari, baba yake mzazi. Kesho yake alfajiri akapanda lori akaenda zake mpakani.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi naye aliniita. Kwenye meza yake palikuwa na mchoro wa bango la mwaka huo.

"Madam, nasikia tuna msichana wa C+ anaomba diploma."

"Ndiyo, bwana."

"Diploma nitaiweka wapi hapa?" Alinionyesha mchoro. "Hapa ni shahada tupu. Zungumza naye."

Nilimwambia siwezi kumshawishi mtoto kwa sababu ya plastiki. Nilitoka nikijua sasa nina maadui wawili wa lile chaguo, mmoja ofisini na mmoja kwenye lori, na nikaongeza kufuli ya pili kwenye droo.

Siku mbili kabla ya mtandao kufungwa, askari wa geti alinipigia simu ya ndani.

"Madam, kuna mzee hapa, dereva. Baba ya Ndunge. Anasema ni lazima akuone."

Nilichungulia dirishani. Bwana Mutiso alikuwa amesimama nje ya geti, chini ya bango la mwaka uliopita, amevaa koti la safari na vumbi. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Niliiona ile bahasha, nikajua kila kitu, au nilidhani najua.

"Mwambie niko mtihani."

"Madam, hakuna mtihani leo."

"Mwambie hivyo hivyo."

Alisimama pale karibu saa nzima. Nilikuwa nikichungulia. Mwishowe aliiacha bahasha kwa askari akaondoka. Niliandika jina na tarehe mgongoni, sekretari akatia sahihi, nikaifungia. Nilimwambia sekretari, "Huyu amekuja kumnunulia mtoto shahada." Sekretari akatikisa kichwa kwa masikitiko. Tulijiona watu wazuri sana siku hiyo.

Siku ya mwisho, mchana, Ndunge alikuja. Macho yalikuwa mekundu.

"Madam, nataka kubadilisha. Niweke ile ya shahada. Yoyote tu."

"Ni baba amekutuma?"

"Zii, Madam. Hajanituma."

"Ndunge."

"Haongei. Amekuja nyumbani siku mbili, amekaa tu, hajaniongelesha. Akanitazama tu akaenda. Mimi siwezi kumfanyia hivyo. Wacha nivae hiyo joho."

Sikumwamini aliposema hajatumwa. Nilikuwa na bahasha ya baba yake kwenye droo, umbali wa kiwiko kutoka mahali nilipokaa, na kwangu hiyo ilikuwa ushahidi tosha. Nilikasirika kwa niaba yake. Lakini kanuni ni kanuni, chaguo ni la mwanafunzi, naye alikuwa mbele yangu akiomba. Nilifungua ukurasa wake. Tukaweka shahada ya sanaa ya chuo kimoja cha mbali. Akatia sahihi kwenye daftari jeusi, chozi likaangukia mstari, wino ukatawanyika kidogo. Mtandao ulifungwa usiku ule.

Aliitwa shahada ya sanaa. Mkurugenzi akatundika bango na picha ya Ndunge ikiwa ya tatu kutoka kushoto.

Bwana Mutiso alikuja Jumatatu asubuhi, safari hii akiwa na Ndunge, na askari hakuweza kumzuia. Aliingia ofisini bila kubisha.

"Mwalimu, mimi nilikukosea nini?"

Nilisimama. Nilikuwa nimengojea wakati huu. Nilimwambia yeye ndiye amemkosea mtoto, kwamba kuna watu wanadhani kila kitu kina bei, na kwamba kwangu hakuna kitu cha kununua. Nikafungua kufuli ya kwanza, nikafungua ya pili, nikatoa bahasha yake nikaiweka mezani mbele yake kwa mkono ulionyooka.

"Hii hapa. Haijaguswa."

Aliigeuza akaona jina lake, tarehe, sahihi ya shahidi.

"Hukuisoma?"

Nilisikia neno lile, kusoma. Aliipasua ile bahasha kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya daftari, iliyoandikwa pande zote mbili kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Alimpa Ndunge. Ndunge akaisoma kwa sauti, na ninaikumbuka yote.

"Kwa Mwalimu Njoki. Salamu. Mimi ni baba ya Ndunge. Nilimwambia mtoto maneno mabaya kuhusu kozi yake. Huku barabarani, kwenye mizani ya malori, nimekutana na dereva mwenzangu ambaye nilijua alikatwa mguu. Anatembea. Anaendesha. Aliniinulia suruali akanionyesha mguu wenyewe, akasema ulitengenezwa na msichana mdogo, na kwamba yeye humwombea huyo msichana kila Jumapili. Mwalimu, nikimwambia Ndunge mimi mwenyewe atadhani nimekasirika namkejeli, kwa sababu mimi sijui kuongea. Nikianza kuongea hukasirika. Wewe anakuamini. Mwambie baba amekubali hiyo ya miguu. Asibadilishe. Asante, ni mimi, Mutiso."

Ndunge alilirudia lile neno "asibadilishe", polepole. Baba yake aliweka mkono kichwani mwake, ule mkono mzito wa usukani, akauacha pale. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Niliketi, nikawaambia nimewakosea, na aibu niliyoisikia asubuhi ile sijapata kuisikia tena, wala siiombei adui.

Tulikwenda wote watatu siku ileile mjini, kwenye ofisi inayoshughulikia uhamisho, yaani kumtoa mwanafunzi kozi moja kumpeleka nyingine kabla masomo hayajaanza. Tulipanga foleni mpaka alasiri. Mama wa dirishani aliangalia kompyuta yake.

"Hii ya viungo huchukua watu wachache sana. Imejaa. Aombe mwakani."

"Ni kosa langu," nilimwambia. "Si lake."

"Mama, kompyuta haina pa kuandika kosa ni la nani."

Ndunge alikataa kwenda shahada ya sanaa, na baba yake akamuunga mkono. Kwa hiyo alipoteza mwaka. Aliupitisha katika kibanda cha babu yake Kariobangi, akipiga msasa na kujifunza mti. Majirani walisema chini chini: mtoto wa private, tazama sasa anapiga msasa. Maneno yale yalipaswa kuelekezwa kwangu. Nilipita pale kila Jumamosi. Babu mtu alinikaribisha kigoda, hakuniuliza neno, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuulizwa.

Mwaka uliofuata tuliomba tena, na aliitwa. Nilimwendea Mkurugenzi nikamwomba arekebishe picha ya Ndunge bangoni, aandike kozi yake ya kweli.

"Bango la mwaka jana ni la mwaka jana, Madam."

Lilibaki pale mpaka jua likalipausha, Ndunge wa tatu kutoka kushoto, SHAHADA YA SANAA. Tangu hapo kila nikipita getini kwa shule yoyote na kuona zile sura, najiuliza ni wangapi walikwenda kweli walikoandikiwa. Hilo ni shaka ambalo sijaliacha na sitaliacha.

Wiki ileile ya barua ya Bwana Mutiso nilikuwa nimemwita sekretari nikafungua droo. Mlikuwa na bahasha tatu za miaka ya nyuma ambazo wenyewe hawakurudi. Tukazifungua pamoja. Mbili zilikuwa na kile nilichodhani, nasi tukazipeleka kwa wenyewe. Ya tatu ilikuwa na nakala ya kadi ya hospitali na mistari minne ya mama mmoja: mwanawe ana kifafa, asipelekwe chuo cha mbali ambako hana ndugu, tafadhali Mwalimu, mtoto anaona haya kusema. Nilitazama daftari langu. Alikuwa ameitwa mbali. Nilipiga nambari ya simu iliyoandikwa chini, haikupatikana. Nimeuliza Buruburu nzima, wamehama. Mpaka leo sijui ilikuwaje.

Ninyi mlioanza kazi hii majuzi mtaniuliza basi tufanye nini, tupokee bahasha? Hapana. Mara nyingi nilikuwa sahihi, na ndiyo sababu nilikosea vibaya hivyo. Miaka yangu ya mwisho niliwaita wazazi ndani, nikaweka viti viwili, na bahasha nikaifungua mbele ya mwenyewe, yeye akitazama. Yenye pesa nilimrudishia papo hapo, na aibu ikawa yake. Yenye maneno niliyasoma. Ilichosha, na foleni ilifika hadi getini. Mkurugenzi alilalamika kwamba inaonekana kama kliniki.

Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na keki. Mwaka jana, mchana, nikiwa uani kwangu naanika nguo, Bwana Mutiso alibisha. Amezeeka, tumbo limepungua. Alikuwa na bahasha.

"Leo siachi kwa askari, Mwalimu. Fungua nikikuona."

Niliichukua, na vidole vyangu vikaanza kuipima unene kabla sijavikanya.

"Bado unapima!"

"Mazoea, Baba Ndunge."

Ilikuwa kadi ya kuingilia mahafali. Kila mhitimu hupewa kadi mbili tu. Juu ya hii Ndunge alikuwa ameandika jina langu.

"Ya kwanza ni ya mama yake," alisema. "Hii ni yako."

"Na wewe?"

"Mimi nitasimama nje ya geti." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Nimezoea geti lako."

Niliingia ndani nikatafuta kifutio ili nifute jina langu niandike lake, mimi na umri wangu, nikipekua makabati. Nilipokipata nikaona Ndunge alikuwa ameandika kwa wino.

Siku ya mahafali tulikwenda wote. Getini nilimtia Bwana Mutiso ile kadi mkononi nikamsukuma mbele pamoja na mkewe. Alikataa, nikamwambia akikataa nitapiga kelele, akaingia. Askari wa pale hakusoma jina. Aliitazama kadi rangi tu akampitisha mzee wa kiume mwenye jina la Njoki. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikamlaumu yule askari moyoni, kwa kuwa mimi ningelisoma.

Nilisimama nje na wauza maua saa tatu nzima, jua likiwa utosini. Jina la Ndunge lilipotajwa kwenye spika, nilipiga makofi peke yangu, na mwuza maua mmoja akaniuliza, "Ni mtoto wako, mama?" Nikamwambia hapana, baba yake yuko ndani.